Folda ya Vinginevyo

Ninyi mnaokalia leo kiti nilichokikalia mimi, kwanza kitazameni vizuri. Mguu wa nyuma wa kushoto umefungwa waya. Niliomba kiti kipya miaka yote niliyofanya kazi pale. Ombi langu lilijadiliwa katika vikao vitatu, na cha tatu kikaamua kwamba suala la kiti liandaliwe kikao chake. Kama kikao hicho kilifanyika, mwaliko wake sikuuona, na mimi ndiye niliyekuwa nafungua mialiko yote.

Naitwa Mama Nzunda. Nilikuwa katibu muhtasi katika ofisi ya mradi mmoja wa afya vijijini, hapa hapa Mpemba, jirani na Tunduma. Jina la mradi nalihifadhi, waliokuwamo wanajijua. Kazi yetu ilikuwa ya kueleweka: wanakijiji wakishapandisha boma la zahanati kwa nguvu zao, yaani kuta tupu bila paa, sisi tunaenda kukagua, na tukiridhika tunapeleka mbao na bati. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Mengine yote yalikuwa vikao.

Mnanijia hapa nyumbani nikiwa nalisha kuku, mnaanza kwa shikamoo ndefu, nami najua salamu ndefu ina mzigo nyuma yake. "Mama, kuna mwaliko umepotea kwenye barua pepe na bosi anauliza." Haujapotea. Barua pepe haina miguu. Iko pale pale ulipoiweka wewe au ulipoiambia mashine iiweke, na shida yenu ni kwamba hamkumbuki mliiambia nini. Hata mimi sikukumbuka, ndiyo maana naandika haya.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Sekela wa masijala, mwanamke mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na siku zote alikuwa anaitafuta ya tatu. Enzi hizo mwaliko uliletwa na mtu. Alifika kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope, na daftari la kusaini kwapani. Bi Sekela aliisoma barua kuanzia chini. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu, "Juu kuna 'husika na kichwa cha habari'. Hapo hakuna habari. Tafuta siku, saa, mahali na nani anatakiwa. Usipoviona vinne hivyo, huo si mwaliko, mtu anataka tu kujua kama mashine yake ya chapa inafanya kazi." Kisha alimkalisha yule mjumbe kwenye benchi, akampa maji na kumuuliza habari za huko alikotoka. Mimi niliona anapoteza muda wa serikali. Yeye akasema barua haisemi yote, yaliyobaki anayo aliyeileta.

Hilo la mjumbe nililisahau kwa miaka mingi, na lilinigharimu. Nitafika huko.

Kompyuta ilipokuja, bosi wetu alikuwa Bwana Lusekelo, mratibu wa mradi, mtu mnene mwenye adabu na kalamu tatu mfukoni. Aliipenda sana barua pepe. Kila asubuhi nilizichapisha zote kwenye karatasi, nikampelekea katika faili. Alizijibu kwa kalamu pembeni, "Nitahudhuria," akanirudishia, nami nikakaa kuzichapa upya na kuzituma. Siku moja akaniambia teknolojia imeturahisishia kazi sana. Nilikuwa nimebeba rimu mbili za karatasi, nikaitikia, "Sana, bosi."

Mialiko yenyewe sasa! Mwaliko wa kikao. Mwaliko wa kikao cha maandalizi ya kikao. Taarifa ya kuahirishwa kwa kikao cha maandalizi. Mwaliko wa tathmini ya kwa nini vikao vinaahirishwa. Wengine waliutuma mara tatu, kila mara na kichwa cha habari hicho hicho kwa herufi kubwa, kama vile tulikuwa viziwi. Ukiandika "mwaliko" kwenye kisanduku cha kutafutia, zilimiminika mpaka unataka kulia.

Aliyeniokoa ni Ba Chanda, mzee wa makamo kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akishughulika na mambo ya chanjo upande wao na kuja kwetu mara kwa mara. Alivuta kiti, akaangalia ninavyosokota gurudumu la kipanya kushuka chini, chini, chini, akatikisa kichwa na kunianza kwa neno la heshima la kwao.

"Mukwai, Ba Mama, wewe unatafuta mtu kwenye soko lote la Tunduma kwa kuita 'wewe, mtu!' Wote watageuka. Sema nani. Sema lini. Sema amebeba nini."

Akanionyesha pa kuandika jina la aliyetuma, pa kuweka tarehe ya kuanzia na ya kuishia, na pa kuweka alama ili zije zile tu zenye kiambatisho. Akanionyesha pia kwamba ukitafuta ndani ya inboksi tu, unaacha nyumba nzima na kupekua sebuleni. Chagua barua zote, hata zilizowekwa kwenye folda. Hayo manne ndiyo yale yale manne ya Bi Sekela yamevaa suti, na mkiyashika hamtahangaika.

Ba Chanda huyo huyo alinifumbua macho kuhusu saa. Tulialikwa kikao cha pamoja pale mpakani, nikamtangulia bosi kwenda kupanga viti. Simu yangu ilinasa mtandao wa Zambia bila kuniaga na kujirudisha nyuma saa nzima, nami nikasimama barabarani nanunua parachichi kwa raha zangu. Nilipoingia ukumbini wamefika kwenye mengineyo. Bwana Lusekelo alikuwa amekaa sakafuni na kamati nzima. Kwa hiyo mkikaa Tunduma, saa ya simu muiulize imelala wapi kabla ya kuiamini.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nisidanganye, nililifanya huku nacheka.

Bwana Lusekelo alinijia amechoka na mialiko. "Mama Nzunda," akasema, "si kuna namna hii mashine inaweza kuchagua yenyewe? Ile ya maana ikae mbele, mingine ikae huko." Nikamwambia ipo, inaitwa kichujio. Nikamuuliza ya maana tuitambue kwa nini. Akafikiri, akatazama dari, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetoa sera, "Kikao makini hujulikana kwa maandalizi. Weka 'chakula cha mchana'. Weka 'hoteli'. Weka 'usafiri umeandaliwa'." Neno posho hakulitamka, maana alikuwa mtu wa kanisani. Nililiongeza mwenyewe.

Basi nikatengeneza. Barua yenye neno mojawapo kati ya hayo ikapata nyota ya njano na kukaa juu. Barua kutoka kwa mtu tusiyemjua, isiyo na neno hata moja kati ya hayo, ikaruka inboksi na kwenda kwenye folda niliyoiita Vinginevyo. Ili namba za barua zisizosomwa zisimkere bosi, nikaweka alama kwamba huko zihesabike zimeshasomwa. Na kwa kuwa mimi ni mtu mstaarabu, nikaweka jibu la kujiendesha: "Asante kwa kutuandikia. Ujumbe wako umepokelewa na unafanyiwa kazi." Nililitunga mwenyewe. Bosi alilisifu akasema lina heshima.

Ofisi ikatulia kabisa. Asubuhi zilikuwa nyota sita, saba, zote za hotelini. Bosi akanenepa kidogo. Mimi nikapata muda wa kufuma vitambaa, na folda ya Vinginevyo sikuifungua hata siku moja.

Ilikuwa imebaki miezi mitatu nistaafu alipoingia Mama Atupele. Alikuwa mwanamke wa rika langu, kitenge kimelowa hadi magotini, viatu kavishika mkononi ili asituchafulie sakafu. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa zahanati kijijini kwao, huko kata ya Ikinga, wilaya ya Ileje. Alitoka alfajiri, akapanda pikipiki hadi Isongole, kisha gari hadi hapa Mpemba. Akakaa kwenye benchi na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Dada, nimekuja kuuliza kesho mnakuja wangapi," akasema. "Tujue viti vya kuazima kanisani."

Nikaikunjua. "Asante kwa kutuandikia. Ujumbe wako umepokelewa na unafanyiwa kazi."

"Tuliisoma mbele ya mkutano wa kijiji," akaendelea. "Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema hawa ni waungwana, wamejibu hata kabla dada wa steshenari hajafunga kompyuta."

Nikatazama kalenda. Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya ukaguzi. Boma lisilokaguliwa hadi kesho jioni lilikuwa linatoka kwenye orodha, na bati lake linapelekwa kijiji kingine. Masika yalikuwa yameanza, na kuta zisizo na paa hazivumilii mvua ya Ileje. Nikamuuliza zahanati ya karibu kwao iko wapi. Akasema hakuna ya karibu. Mkwewe alishikwa na uchungu mwaka uliopita, wakampakia kwenye pikipiki kwenda Isongole, akajifungulia njiani juu ya kanga mbili. Mtoto hakulia. Alilisema hilo akiwa anakung'uta tope kwenye kiatu, bila kuniangalia, nami niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nianze kazi.

Nikageukia mashine. Nikaandika "Ikinga". Hakuna kitu. Nikaandika "zahanati", zikaja kurasa na kurasa, zote tulizoandikiana sisi wenyewe kuhusu vikao vya zahanati. Hapo ndipo nikamkumbuka Bi Sekela na benchi lake. Nikainuka, nikampa mgeni chai, nikamuuliza vizuri.

"Mlituma kwa anwani ya nani?"

"Ya huyo dada wa steshenari, Isongole. Siijui."

"Siku gani?"

"Siku ya soko, wiki nne zimepita. Tukarudia soko lililofuata, na lililofuata tena."

"Barua ilikuwaje?"

"Iliandikwa vizuri, ikapigwa mhuri wa kijiji. Barua bila mhuri nani ataiamini? Ndipo akaipiga picha akaituma."

Basi nikaelewa. Wanangu, mashine yetu ile haikusoma maneno yaliyo ndani ya picha. Mnapiga barua mhuri, mnaipiga picha, mnaituma bila kichwa wala neno moja la maelezo, na anayetafuta kwa neno hatawaona mpaka kiama. Nikaacha maneno. Nikatafuta kwa siku: kuanzia siku ya soko hadi kesho yake, zenye kiambatisho, katika barua zote. Zikaja tano, ya tatu ilikuwa yao. Nikapata na nyingine mbili kwa njia hiyo hiyo. Zote zilikuwa Vinginevyo na zote zimeandikwa zimesomwa. Hakuna binadamu aliyezisoma. Mimi ndiye niliyeiamuru mashine iseme uongo kwa niaba yangu.

Barua ilisema: "Tunakuomba uje uione kazi ya mikono yetu. Hatuna ukumbi, tutakaa ndani ya boma lenyewe. Mvua ikizidi tutahamia kanisani." Na vile vinne vyote vilikuwamo: siku, saa, mahali, na nani anatakiwa. Bi Sekela angeibusu.

"Mbona hamkuandika habari ya chakula?" nikamuuliza, nikijua swali langu linatoka kwenye kichujio.

Aliweka kikombe chini. "Dada, wewe ni mtu wa wapi?"

"Mnyiha, wa Mbozi."

"Kwenu Mbozi mgeni anaandikiwa kwamba atakula?"

"Hapana."

"Basi. Ukimwandikia mgeni kwamba utampa chakula, umemwambia kuwa ulifikiria kumnyima."

Nikabisha hodi kwa Bwana Lusekelo. Alikuwa anakunja shati la kesho, maana alikuwa na warsha katika hoteli moja jijini Mbeya, ya kujadili changamoto za kuwafikia wananchi wa vijijini. Nikamweleza habari za Ikinga. Akasikitika kwa dhati, nampa haki yake.

"Waambie waandike upya, tuwapangie mwezi ujao."

"Mwezi ujao orodha imefungwa, bosi."

"Basi waandike barua ya kuomba ifunguliwe. Tutaijadili kwenye kikao."

Nikatoka. Ningeweza kulia, lakini miaka yote ile nilikuwa nimejifunza kwamba bosi haingiliki kwa mlango wa mbele. Nikamuuliza Mama Atupele, "Hiyo kesho, mgeni rasmi wenu ni nani?"

"Si huyo bosi wenu? Kwani kuna mwingine anayekuja?"

Hotelini Bwana Lusekelo angekuwa mshiriki kama washiriki wengine, amepewa kalamu, daftari na beji yenye jina lililokosewa. Nikafungua kichujio na kuongeza maneno mawili kwenye orodha ya nyota. Kisha nikaandika barua upya, nikaambatisha ile yao yenye mhuri, na juu nikaweka kwa herufi kubwa: "YAH: MWALIKO WA KUWA MGENI RASMI". Nikamsomea Mama Atupele neno kwa neno, akakubali kwamba hakuna uongo ndani yake. Nikatuma.

Tulisikia simu yake, ambayo siku hizo ilikuwa inapokea zile za nyota, ikilia ting nyuma ya mlango. Mama Atupele alinishika mkono, mkono wake ulikuwa wa baridi na mgumu kama jembe. Mlango ukafunguka, bosi akatoka na simu kiganjani.

"Mama Nzunda, kuna hii ya Ikinga. Mbona siku zote hawakusema?"

"Mtandao wa kule unasumbua, bosi."

"Kutakuwa na hotuba?"

Nikamgeukia mgeni wangu. "Ndefu kadiri atakavyo," akasema Mama Atupele.

Warshani akapelekwa mhasibu.

Kesho yake nami nilipanda gari, kwa kisingizio cha kuandika kumbukumbu. Boma lilikuwa safi, kuta zimenyooka, na viti vya kanisa vimepangwa katika chumba ambacho kingekuwa cha kujifungulia. Bwana Lusekelo akaanza hotuba. Alikuwa kwenye ukurasa wa pili, ule wa umuhimu wa ushirikishwaji, mvua ilipotufungulia mabomba yote. Hakuna aliyekimbia. Walikuwa wamemsubiri mno, wakabaki wamekaa wanamtazama, maji yanawatiririka usoni. Wino wa hotuba ukamchuruzika kwenye mkono wa shati. Akatazama juu, pale ambapo paa lingekuwa, akatazama muda mrefu kuliko nilivyomzoea kutazama kitu chochote. Kisha akaomba fomu ya ukaguzi na kuisaini chini ya mwavuli wa mchungaji.

Tukala kanisani. Kulikuwa na mbuzi, wali, viazi, maharage na maziwa ya mgando. Bwana Lusekelo alipofika sahani ya pili akaninong'oneza, "Lakini wangesema tu kama kuna chakula hivi!"

Bati lilikwenda. Zahanati ya Ikinga ina paa, ina muuguzi, na watoto wanalia mle ndani. Ningependa kuishia hapo, na kama ningekuwa bosi ningeishia hapo na kuweka picha.

Ila mimi nilirudi ofisini nikaifungua Vinginevyo. Nilianza juu nikashuka hadi chini, siku baada ya siku, chai yangu ikipoa. Zilikuwamo nyingi za upuuzi, za kuuza magodoro na za kushinda magari. Katikati yake zilikuwamo barua za vijiji, picha zilizopigwa kwa mkono unaotetemeka, mihuri ya bluu, tarehe zilizopita zamani. Wote walikuwa wamejibiwa kwamba ujumbe wao umepokelewa na unafanyiwa kazi. Nikamwandikia kila mmoja kuomba radhi, kwa jina langu, siyo la ofisi.

Wengi hawakujibu. Kijiji kimoja cha wilaya ya Momba, huko bondeni kwa wafugaji waliohamia, walinijibu kupitia mwalimu wao. Jibu lenyewe lilikwenda Vinginevyo kama mengine, nililiona kwa sababu nilikuwa nimepiga kambi humo. Aliandika hivi:

"Mama, tumepokea pole yako. Siku ile tuliwasubiri mpaka jua likazama. Ng'ombe tuliyemchinja tukawapa watoto wa shule. Kuta zilianguka masika. Tukijenga tena tutawaalika."

Nililia pale pale kitini, kile cha mguu wa waya. Siku yangu ya mwisho walinipa saa ya ukutani na hotuba, nami kabla ya kukabidhi ufunguo nikakifuta kichujio chote, nyota na kila kitu.

Nasikia bosi mpya naye amechoka na mialiko, nanyi mmekirudisha kile kichujio. Sitawagombeza, nilifanya hivyo hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Lakini leo kabla ya chai fungueni Vinginevyo, mshuke hadi chini. Mtazame kama wale wa Momba hawajaandika.